Picha ya Mama Kipofu

Bi Khole alianza kufukiza udi kabla Jumana hajaiwasha kompyuta. Alikizungusha chetezo chumba kizima, akakipitisha chini ya meza, nyuma ya kioo cha kompyuta, hata juu ya kibodi, mpaka binti yake akaanza kukohoa.

"Mama, wallahi hawasikii harufu hawa. Wako kwao."

"Wageni ni wageni," alisema Bi Khole. "Watu waje nyumbani kwangu Ijumaa, wakute nyumba inanuka samaki? Hasha."

Akaweka na birika la kahwa kando ya kibodi, na sahani ya halwa, na vikombe vitatu, ingawa chumbani walikuwa wawili tu. Cha tatu kilikuwa cha wageni. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri mambo yalikuwa hayo hayo katika nyumba yao ya Azaiba, Maskati, na Jumana, mwanamke mzima mwenye cheo chake katika benki moja ya Qurum, alikuwa ameshachoka kubishana. Alichokuwa akikiomba ni kahwa isimwagike kwenye kibodi tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Khalil, kijana wa Kizanzibari aliyekuwa akifanya kazi Dubai na mwenye wazimu wa senema, alifungua chumba kwenye mtandao, na watu wa kwao waliotapakaa duniani wakawa wanaingia. Yeye huandika fumbo la picha au la mchezo wa televisheni bila kutaja jina, na wa kwanza kulifumbua hupata alama. Siku za kawaida walicheza vijana peke yao, wakibishana juu ya picha za magari na mabomu, na kila mmoja aliitwa kwa mji wake: Toronto, Leicester, Abu Dhabi, Azaiba. Lakini Ijumaa ilikuwa na sharti. Ijumaa kila mchezaji lazima amkalishe karibu mama yake au bibi yake, maana maswali yote huwa ya picha za zamani, zile zilizoonyeshwa Unguja siku za wanawake, wanaume wakiwa wamefukuzwa senema nzima na watoto wa kike wakijazana na mama zao mpaka ngazini.

Mama hao wengi hawakuwa wakiyajua majina ya Kihindi. Walizibatiza picha wenyewe: Picha ya Nyoka, Picha ya Pacha, ile ya Mwizi wa Bangili. Khalil aliyakubali majina hayo yote bila ubishi, na kwa jambo hilo Bi Khole alikuwa akimwombea dua apate mke mwema.

Siku ya kwanza alipoona maneno yanajiandika kwenye kioo, Bi Khole alijitanda vizuri mtandio wake akauliza kama wanamwona. Jumana akacheka. Hapana, hawamwoni. Basi wako wapi? Yule yuko Toronto, mama. Kwenye theluji? Kwenye theluji. Maneno yakaja tena, moja baada ya jengine: *Shikamoo Bi Khole. Hapa ni Toronto, mjukuu wa Maalim Juma wa Kikwajuni.* Maalim Juma ndiye aliyemfundisha Bi Khole kusoma! Watu aliodhani dunia imekwisha kuwameza, kumbe wanaweza kuingia chumbani mwake mchana kweupe na kubishana juu ya rangi ya farasi katika Picha ya Nyoka. Aliyagusa maneno kwa ncha ya kidole, kioo kilikuwa na vumbi na joto kidogo, na hakulala vizuri siku ile kwa kustaajabu.

Mtu mmoja tu hakumpata humo.

Jina lake Hasina binti Yaarub. Nyumba zao huko Malindi, Unguja, zilikuwa zikitazamana, na uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba hata sahani ya wali iliweza kutoka dirisha hili ikaingia dirisha lile bila mtu kushuka ngazi. Mwaka wa sitini na tatu, Khole akiwa kigori, mama yake alifariki. Msichana akawa hatoki. Harusini haendi, senema haendi, dirishani hasogei. Hasina ndiye aliyekuwa akimjia. Siku za wanawake Hasina alikwenda senema na shangazi yake, na akitoka tu, hata buibui hajavua, alikuja kwa Khole, akakaa mkekani, akamhadithia picha nzima. Na Hasina hakuhadithia kama watu wengine, kwa halafu akaja, halafu akaondoka. Alikuwa mama, alikuwa mwana, alikuwa treni. Aliimba nyimbo zote kwa Kihindi asichokijua. Alipokuwa mwizi Khole alitazama mlangoni kwa khofu.

Picha ya mwisho aliyomhadithia ilikuwa ya Mama Kipofu. Baada ya hapo yakaja mapinduzi, kila nyumba ikakimbilia kwake. Khole alijikuta Mombasa, kisha Cairo, kisha Maskati, na Hasina hakujulikana alikoangukia. Huyu alisema yuko Dubai. Yule alisema Kuwait. Mmoja, Mungu amsamehe, alisema kafa zamani. Miaka arubaini Bi Khole alikwenda harusi za Azaiba na matanga ya Bustan na swali lake mdomoni: Hasina binti Yaarub, wa Malindi, mwenye mwanya, mnamjua? Hata mchezo huu wa kompyuta, tuseme kweli, hakuukalia kwa ajili ya alama. Kila Ijumaa kabla ya fumbo la kwanza alimwamrisha Jumana aliandike ulizo lake, na kila Ijumaa miji ilijibu mmoja mmoja kwa adabu. Hatumjui, bibi. Samahani, bibi.

Ijumaa hii nayo walijibu hivyo hivyo. Bi Khole akajimiminia kahwa, akasema khalas, imetosha, wacheze basi.

Walikuwa wameshafika fumbo la tatu alipoingia mgeni, akaandika kwamba yeye ni Khawla na yuko Tanga, kwenye duka lake la kompyuta za mtandao, na kwamba amemteremsha bibi yake kutoka ghorofani kwa nguvu. Miji ikamkaribisha. Bi Khole naye akasema mwandikie karibu kahwa, na Jumana akaandika. Ulizo la Hasina halikurudiwa, kwa kuwa lilikuwa limeshapita, na Bi Khole hakupenda kuonekana ombaomba.

Khalil akaandika: *Picha ya Kihindi. Mama anauza maua stesheni. Mwanawe alipotea mdogo. Mama haoni. Picha gani?*

"Mama Kipofu!" Bi Khole aliruka kitini. "Andika, Jumana, andika! Vidole vyako vizito, weye!"

Jumana aliandika, na Azaiba ikawa ya kwanza. Bi Khole akapiga makofi. Khalil akaandika tena: *Alama tano za nyongeza kwa Azaiba. Inakwishaje?*

Hapo Bi Khole alikaa vizuri, akaweka kikombe chini. Jumana aliujua mwisho huo tangu yuko kifuani. Wenziwe walilazwa kwa hadithi za sungura, yeye alilazwa kwa Mama Kipofu.

"Andika taratibu, usiruke kitu," alisema Bi Khole. "Mwana anarudi na treni ya jioni. Mama yupo pale na maua yake. Mwana anasimama anataka ua moja. Mama anampa, na mkono wake unamgusa kidole, kile chenye kovu la maji ya moto. Basi hauwachi tena mkono ule. Anapanda nao mpaka begani, mpaka usoni, anampapasa mashavu. Halafu anasema, 'Mbona umekonda hivi, mwanangu? Hawakulishi?' Hapo picha inakwisha, na taa zinawashwa."

Jumana aliandika yote. Maneno hayo ndiyo aliyopokewa nayo uwanja wa ndege kila aliporudi masomoni, mikono ya mama yake ikiwa mashavuni mwake mbele za watu wote.

Kisha miji ikaanza kucheka.

*Leicester: Bibi anasema siyo. Mama anakufa. Treni hata haijafika.*

*Toronto: Mama yangu pia. Anakufa pale pale stesheni, maua yanatawanyika.*

*Abu Dhabi: Umekonda?? Haha! Mama anasema Mhindi gani huyo anaongea kama mtu wa Malindi?*

*Khalil: Samahani sana Bi Khole wetu. Jibu si sahihi. Mama anakufa, mwana anayakuta maua.*

"Waongo," alisema Bi Khole. "Wamechanganya na picha nyengine. Waambie wamechanganya."

"Mama, wote wanasema hivyo."

"Wote wamechanganya!"

Lakini sauti ilikuwa imempungua. Alikumbuka harusi moja zamani, mwanamke mmoja aliyekaa naye alisema mama yule hufa, naye akamkatiza akamwambia haijui picha hiyo. Sasa walikuwa wamesema bibi wa Leicester, na mama wa Toronto, na wa Abu Dhabi, na hawajuani hawa wala hawakukaa wakapanga. Alijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba chumba anacholala siku zote hakimo katika nyumba yake. Akashika tama.

Ndipo maneno ya Tanga yakaja.

*Tanga: Subirini kidogo jamani. Bibi yangu ameshika meza. Anauliza huyo Bi Khole, nani alimhadithia hiyo?*

Jumana alikuwa ameshaanza kujibu pale kioo kilipoganda. Kutoka juu walimsikia Aws, mdogo wake Jumana, akisema hallo, hallo, katika simu ya ghorofani. Simu na mtandao vilikuwa vya waya mmoja. Akiinua mmoja, mwengine anakatika.

"Aws! Iweke chini simu!" Jumana alipiga kelele ambayo benki hawajapata kuisikia. "Iweke chini!"

Alianza kuunganisha tena. Mashine ikaita, ikalia, ikakwaruza, ikakataa. Akarudia. Nyuma yake Bi Khole alikuwa amesimama, mkono kinywani.

"Jumana."

"Nnajaribu, mama."

"Jumana, mimi nimesema nimehadithiwa?"

Jumana akageuka.

"Nimesema?" aliuliza Bi Khole. "Hebu kumbuka. Nimehadithia kama niliyeona kwa macho. Watu wote hawa wanadhani nilikuwamo senema. Sasa yule bibi wa Tanga kajuaje kama nimehadithiwa?"

Jumana akabonyeza tena, na safari hii wote wawili walisimama wakaisikiliza mashine ikilia na kukwaruza kama wanaosikiliza mgonjwa anavyovuta pumzi. Bi Khole alikuwa akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Alimpoteza Hasina mara moja kwa mapinduzi. Kumpoteza tena kwa sababu Aws anawapigia simu wenzake wa mpira ni jambo ambalo hangeweza kulimeza.

Mtandao ukashika. Chumba kilikuwa kimejaa: *Azaiba? Azaiba mko wapi? Bi Khole?* Na katikati yao, Tanga bado ipo.

"Andika," alisema Bi Khole. "Andika hivi. Alinihadithia Hasina binti Yaarub. Malindi, juu ya mkeka wa mamangu."

Jumana akaandika. Baada ya hapo hakuna mtu aliyeandika kitu. Toronto haikuandika, Leicester haikuandika. Kulikuwa na watu wengi mle kupita siku yoyote, kila mmoja na mama yake au bibi yake kando, katika miji yenye baridi na miji yenye joto, na wote waliweka mikono magotini wakangoja. Bi Khole aliuhisi ukimya ule. Haukuwa ukimya wa mashine. Ulikuwa ukimya wa watu, na ulimtia khofu na raha pamoja.

*Tanga: Bibi analia. Ananiambia niandike kama anavyosema mwenyewe, nisibadilishe neno.*

Kisha, taratibu, sentensi baada ya sentensi:

*Khole. Picha ile mama kafa.*

*Nilitoka senema nikilia njia nzima, shangazi ananisimanga. Nilipofika kwenu nikaona viatu vya mama yako bado viko pale mlangoni, hajavitoa mtu.*

*Nikasema miye siingizi maiti wa pili nyumba hii. Nikakaa ngazini kwenu nikaitengeneza upya. Halafu ndiyo nikapanda.*

*Sikumhadithia mtu mwengine ile. Weye tu.*

Jumana aliyasoma kwa sauti mpaka mwisho. Bi Khole hakulia. Alikuwa amepigwa na butwaa, macho yake makavu, makubwa. Maisha yake yote alikuwa ameipenda picha moja kuliko zote, na picha hiyo haikuwamo senema yoyote duniani. Ilionyeshwa mara moja, mkekani, kwa msichana mmoja. Alikumbuka jinsi siku ile, kwa mara ya kwanza tangu maziko, alivyokula. Alikumbuka mikono ya Hasina ikimpapasa mashavu kuonyesha mama kipofu alivyofanya, na ile sauti, mbona umekonda. Alidhani ni mchezo. Kumbe alikuwa amekonda kweli, na mwenzake kamwona.

"Subhanallah," alisema. "Subhanallah. Na yeye msichana wa miaka kumi na sita tu."

Tanga ikaandika namba ya simu ya ghorofani kwao. Jumana akainakili kiganjani kwa kalamu, na hapo Bi Khole akamshika mkono, maana alikuwa ameshajifunza habari ya waya mmoja. Ili asikie sauti, ilibidi kioo kifungwe.

"Tukikifunga atapotea."

"Hapotei, mama. Namba ninayo hapa."

"Na ukinawa mkono?"

*Khalil: Bi Khole, pigeni simu. Sisi tupo. Hatuondoki.*

Na miji yote ikaandika chini yake, mmoja mmoja, kama ilivyokuwa ikijibu kila Ijumaa: *Tupo, bibi. Tupo.*

Simu ya Tanga iliita kwa muda. Kisha ikanyanyuliwa, na ndani yake kukasikika pikipiki inapita, na mtu anapumua kwa shida kama aliyetoka kupanda ngazi. Bi Khole aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Maneno yote aliyoyaweka akiba miaka arubaini yalimkimbia, likabaki moja.

"Hasina," alisema. "Umekonda?"

Kicheko kilichomjibu kilikuwa na mwanya wake ule ule.

"Nimekuwa pipa, shoga! Mlangoni napita ubavu!"

Basi hapo wakalia, wote wawili, bila aibu na bila mpango. Walipotulia Hasina alimweleza kwa ufupi kwa nini hakupatikana. Walivuka usiku kwa mtumbwi wakatokea Pangani, akaolewa na mtu wa reli, watu wema wa huko wakamwita Mama Sayyida kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina la Hasina binti Yaarub likabaki Malindi dirishani. Miaka yote Bi Khole alikuwa akiuliza katika harusi za Waarabu habari za mke wa mtu wa reli.

"Sasa nihadithie," alisema Bi Khole.

"Nini?"

"Picha. Yote. Ilivyokuwa kweli."

Kule Tanga Hasina akakohoa, akaanza. Alikuwa mama, alikuwa mtoto anayepotea sokoni. Nyimbo aliziimba zote, kwa Kihindi kile kile asichokijua, na pumzi ikimwishia katikati alitoa udhuru akaendelea. Jumana alikaa chini sakafuni, sikio lake karibu na mkono wa simu, akimtazama mama yake. Hakupata kumwona hivyo. Uso ulikuwa wa mtu anayesikiliza mkekani, na kwa kitambo Jumana alimwona yule msichana wazi wazi, akashindwa kumwita mama. Bi Khole akakimiminia kahwa kikombe cha tatu, akakiweka karibu na simu.

Treni ikaanza kuja kwa mbali. Hasina alikuwa treni. Mama kipofu alikuwa amekaa stesheni na maua yake, na jua linazama, na hapo Hasina akasita.

"Khole."

"Nipo."

"Niibadilishe?"

Bi Khole alivitazama viganja vyake.

"Hapana," alisema. "Mwache afe, shoga. Miye n'shakuwa mkubwa."

Hasina akavuta pumzi, akaendelea. Mama kipofu akalala kando ya maua yake, yakatawanyika, na treni ikaingia stesheni.